Maksai Mweupe wa Lokaale

Baba yangu, Lokaale, amehasi mafahali tangu ujana wake. Aliyempenda kuliko wote ni mmoja mweupe. Alimhasi kwa mkono wake mwenyewe, akamfunga kengele, akajiita kwa jina lake, Apalokwang, yaani baba wa yule mweupe. Kwetu Turkana mwanamume huimbwa kwa jina la maksai wake.

Alipopatikana na saratani ya tezi dume, Daktari Nelly wa Lodwar hakumzungusha. "Mzee, homoni za kiume ndizo zinalisha hiyo saratani. Tukitoa korodani, itakosa chakula." Akaeleza pia ubaya wake: homoni hizo husaidia mishipa ya damu kutanuka, na zikiondoka mishipa inaweza kukakamaa na presha ikapanda. Ingebidi ameze dawa, aache nyama ya mafuta, atembee kila siku.

"Kutembea?" baba akauliza. "Hiyo ni dawa ama ni kuchunga mbuzi?"

Alifanyiwa operesheni. Presha ikapanda kweli, akaanza vidonge. Habari zilitutangulia nyumbani Kakuma. Ereng, mzee wa rika lake, akatangaza kwenye soko la mifugo kwamba Lokaale si mwanamume tena, asikanyage pale wanaume wanapoketi duara kula nyama. Kumnyima mzee nafasi hiyo ni kumzika akiwa hai. Nilitamani kumrarua Ereng kwa kucha zangu.

Siku ya nyama baba alikwenda, akimswaga yule mweupe mbele yake. Sisi wanawake hatukaribii duara, nikasimama mbali. Nilisikia kila neno, maana baba alipaza sauti makusudi.

"Ereng, hii ng'ombe ni nini?"

"Ni maksai."

"Nani alihasi yeye?"

"Wewe."

"Na mimi naitwa nani?"

Ereng akatazama chini.

"Sema!"

"Apalokwang."

"Hii jina mliimba kwa harusi yangu ya mwisho. Nani alicheka?"

Baba akaketi mahali pake pa siku zote. Alipopewa kipande chenye mafuta, akamsukumia Ereng. "Kula wewe. Mimi daktari amekataza."

Kisha akatoa kidonge chake cha presha, akakishika juu wote wakione.

"Ereng, leta maji."

Ereng akainuka, akaenda kuleta.