Mnavu wa Mama Mkwe

Nilipoolewa, Wajerumani walikuwa wamekwisha kujenga boma lao Arusha, na mume wangu alikuwa akiitwa kila mara kwenda kuchimba barabara yao. Kwa hiyo mwaka wangu wa kwanza wa ndoa niliishi na mama mkwe zaidi kuliko na mume. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye kicheko kikubwa kuliko mwili wake.

Mimi ni mtoto wa Olasiti, chini huko kwenye ng'ombe. Kwetu tulikunywa maziwa, tulikula uji, na nyama ilipopatikana. Majani yalikuwa chakula cha mbuzi. Nikaolewa kwa Wameru, juu mlimani, ambako nyumba huioni mpaka uifikie, imezama ndani ya migomba. Jioni ya kwanza mama mkwe alinipakulia ndizi zilizopondwa na maharage, na kando yake mboga ya majani, mnavu, mweusi, unaong'aa. Ndizi na maharage nilikula. Mnavu nikausukuma pembeni.

"Mwanangu, na mboga je?" akauliza.

Nikamjibu kwa adabu zote nilizofundishwa na mama yangu: "Mama, mimi sina pembe."

Alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Basi ngoja," akasema, "zitaota."

Hakunilazimisha. Kila jioni alinipakulia mnavu, na kila jioni niliuacha. Maziwa ya ng'ombe wetu mmoja, aliyefungwa ndani na kulishwa migomba, ndiyo niliyoyategemea. Nilijiona ninakula vizuri.

Kisha nikashika mimba. Mwanzoni nilikuwa sawa, lakini baadaye kupanda kutoka mferejini na kibuyu cha maji kukanishinda. Moyo ulinidunda kama ninafukuzwa. Nikaanza pia kutamani udongo. Nilikuwa nikibandua vipande vya ukuta na kuvitafuna mama mkwe akiwa shambani, hadi siku moja akasimama mbele ya ukuta, mikono kiunoni.

"Huyu ni panya gani anayekula nyumba?"

Udongo ulikuwa bado mdomoni. Akanivuta mlangoni kwenye mwanga, akanishusha kope la chini kwa kidole, akaniangalia ulimi. "Umekuwa mweupe kama ndizi iliyomenywa," akasema, na mara hiyo hakucheka. Siku hiyohiyo akatuma habari kwetu.

Baba yangu alikuja akiswaga kondoo mnene. Alimchinja nyuma ya nyumba, akanichomea ini na kunisimamia mpaka nilipolimaliza. Mifupa na nyama akaviweka chunguni. Halafu akafungua mfuko wake wa ngozi, akatoa magome na mizizi, akaanza kuvitumbukiza kwenye mchuzi kama desturi yetu.

Mama mkwe alikuwa ameketi upande wa pili wa moto. "Mkwe wangu," akasema, "hivyo ni nini?"

"Magome. Na mizizi. Bila hivi nyama hulala tumboni."

"Kumbe! Binti yako aliniambia kwenu hamli majani."

"Hatuli."

"Mti mzima mnakunywa, magome na mizizi yake. Majani ndiyo yamewakosea nini?"

Baba alibaki ameshika kipande cha gome hewani. Kisha akaanza kutikisika mabega kwa kicheko. Akasogea pembeni. Mama mkwe akaleta kapu lake la mnavu, akaumimina wote chunguni.

Baba alikunywa wa kwanza. Akalamba midomo, akanipa kata. "Kunywa," akasema. "Dawa hii."

Nilikuwa nimejitayarisha kuonja nyasi. Nikakuta uchungu ninaoujua tangu utotoni, uchungu wa supu ya baba, na mafuta ya kondoo yameulainisha. Nikaomba tena.

Tangu siku hiyo niliula mnavu kila jioni, na polepole nguvu zikarudi. Baba alishikilia kwamba ni magome yake. Mama mkwe alishikilia kwamba ni mboga yake. Walibishana hivyo kila walipokutana, hadi walipofariki. Nilipokuwa bibi, niliwahi kumpeleka mjukuu kliniki, nikamsimulia muuguzi. Akaniambia maziwa ni mazuri kwa mifupa na meno, ila hayana madini ya chuma ya kutosha kutengeneza damu, hasa kwa mama anayemjengea mtoto damu yake. Hayo madini yalikuwa kwenye ini kwa wingi, na kwenye nyama, maharage na mnavu. Ndizi zilinipa nguvu ya kazi. Na mafuta, akasema, huusaidia mwili kuzipokea baadhi ya vitamini za mboga.

"Na magome?" nikamuuliza, kwa ajili ya baba.

"Hayo siyajui, bibi," akasema.

Mume wangu alirudi kutoka barabarani mimi nikiwa karibu kujifungua. Alinikuta mferejini, akanisalimu kwa heshima kama mtu asiyemjua, akapita. Alikuwa ameshapiga hatua kadhaa aliposikia mama yake akimcheka kutoka kwenye migomba. Akageuka, akanitazama vizuri mashavu yaliyojaa, akachukua kibuyu cha maji mikononi mwangu. Mtoto alizaliwa wiki hiyo, wa kike, analia kwa sauti ambayo majirani wa ng'ambo ya bonde waliisikia.