Siku Niliyomsifia Mzee Stika

Nawaambia mapema ili mnicheke mara moja mmalize: mimi niliumbuka mbele ya ukuta, na ukuta wenyewe ulikuwa wa nyumba ya wakwe.

Nilikuwa nimetoka Ekerenyo na baba mdogo, tukaenda Nyamarambe kujitambulisha kwa kina Kemunto, msichana niliyempenda hadi nikaanza kupiga fulana pasi, na siku hiyo ndiyo ningejua kama nimekubaliwa au narudi nyumbani polepole. Sasa Kemunto alikuwa amewaambia mimi ni mtaalamu wa kompyuta (nina saiba ndogo, natoa fotokopi na kujazia watu fomu, basi).

Hata chai haijaisha, baba yake akaweka laptopu mbili mezani. Moja mama yake Kemunto alikuwa ameinunua Kisii mjini, nyingine mzee mwenyewe aliuziwa na rafiki yake, na wawili hao walikuwa wamebishana wiki nzima ni ipi Moraa, kitinda mimba, atabeba kwenda chuo.

"Wewe ni mtu wa kazi hii," mzee akasema. "Ipi ina prosesa yenye nguvu?"

Ya mama ilikuwa na stika ya i5, ya mzee stika imechakaa, limebaki neno moja tu, vPro. Ningesema tu ngoja niziwashe! Lakini mzee alikuwa ananiangalia kwa matumaini, na mimi nataka mke, nikasema ni yako, Baba, vPro ni prosesa ya mabenki, hizo i5 ni za watoto wa shule. Akafurahi mpaka akawaita ndugu zake wawili waliokuwa nje, nikarudia yote, safari hii nimesimama, nikaongeza kwamba inashinda ile nyingine mara tatu (hiyo tatu sijui niliitoa wapi). Baba mdogo alikuwa ananivuta koti.

Hapo sauti ikatoka chumba cha pili. Kwetu Wakisii mama mkwe hakai akabishana na mkwe ana kwa ana, ni mambo ya ensoni, ile heshima ya kuoneana haya, kwa hivyo mama alikuwa amekaa nyuma ya ukuta akisikia kila kitu, na akitaka kusema anamtuma binti yake, hata kama mimi namsikia vizuri kabisa.

"Kemunto, muulize mgeni, vPro ni jina la prosesa ama la kifurushi kizima?"

"Mama anauliza..."

"Nimesikia," nikasema, nikageukia ukuta. "Ni prosesa, Mama."

"Mwambie aiwashe, asome mahali pameandikwa prosesa."

Nikaiwasha. Woi! i5, tena ya kizazi cha nne, ya kitambo sana. Ya mama, i5 ya kizazi cha kumi na moja. Kemunto ndiye aliyesoma kwa sauti. Ukuta ukanifundisha taratibu kwamba vPro ni jina la kuuzia, prosesa pamoja na vitu vingine vilivyowekwa ili maofisi yasimamie mashine zao kutoka mbali, lakini prosesa yenyewe ina jina lake na namba yake.

"Ulisema mama yako ni mwalimu," nikamnong'oneza Kemunto.

"Ndiyo. Wa kompyuta."

Nikajua mke ameenda. Ndugu za mzee wanaangalia dari, baba mdogo ameshaanza kutafuta kofia yake, na mimi nilikuwa karibu kulia, sifichi. Kisha nyuma ya ukuta mtu akacheka, kicheko cha kutoka tumboni.

"Kemunto, mwambie mgeni mtihani ameanguka. Lakini mwanafunzi wangu simfukuzi, anarudia. Aje tena Jumapili, na wazee wake."

Moraa alienda chuo na ile ya mama. Mimi nimeapa kutosifu mashine kwa kuangalia uso wa mwenyewe, mteja akiniuliza naiwasha kwanza, nasoma, ndipo nafungua mdomo. Shida ni mzee. Mpaka leo akipata wageni anawatolea ile yake, anawaambia ni prosesa ya benki, na wakibisha anasema, "Muulizeni mkwe wangu," na mimi nainamia chai.