Mshauri wa Wanachuo Alipokuja Kishanda

Mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na mzigo wa kuni kichwani. Lakini wasomi nawajua. Nimewazaa, nimewapikia, na mmoja wao alikuja kwangu na faili zake akaondoka amejua kumenya ndizi. Huyo nikimkumbuka mpaka leo nacheka peke yangu jikoni.

Zilikuwa siku za ujamaa, kila mtu ndugu. Mwenyekiti ndugu, karani ndugu, hata mwizi wa mkungu akikamatwa tunaambiwa ndugu huyu aonywe. Baba wa watoto wangu alikuwa ameshakufa, nimebaki na binti yangu wa mwisho. Huyo ndiye alichaguliwa kwenda chuo kikuu, huko mbali, safari ya meli halafu treni. Kishanda nzima hakuna msichana aliyekuwa amefika huko. Alisoma muhula mmoja, akarudi likizo amekonda, shingo kama ya korongo.

"Vipi huko?" nikamuuliza.

"Kuzuri, mawe." Kwetu mama anaitwa mawe.

Siku zikapita. Asubuhi moja tuko kwenye kibanja, shamba letu la migomba, anapalilia, hata kunitazama hanitazami, akasema, "Mawe, mimi sirudi."

"Kwa nini?"

"Basi tu."

Zilibaki siku tisa apande meli.

Nikamwita mwenyekiti wa kijiji. Akaja, akasimama katikati ya nyumba yangu kama yuko jukwaani. "Ndugu mwanafunzi! Taifa linakutegemea! Umeelewa?" Binti akajibu, "Nimeelewa, ndugu mwenyekiti." "Una swali?" "Sina." Akaenda zake kifua mbele, anadhani amelima shamba. Binti akarudi kwenye jembe.

Ndipo tukaitwa Muleba, wazazi wote wenye watoto chuo kikuu. Wote hao tulikuwa watano. Tulikalishwa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegonga kidevu. Mbele yetu kijana ana suti ya Kaunda, nywele amezichana mpaka zimepata njia. Eti mshauri wa wanachuo. Alikuwa anazungumza kupitia puani, hivi: "Ndugu wazaaazi. Chuo kimeanzisha hudumaaa ya kumsaidia mwanafunzi mgeni kuzoea mazingiraaa." Hayo mazingira aliyataja kuliko padri anavyomtaja Mungu. "Mwanafunzi akiwa na tatizo, mlango wa ofisi uko wazi. Anaingia, tunajaza fomu, anasaidiwa. Na ninyi wazazi muwaandikie barua za kuwatia moyo."

"Niandike na kidole?" nikamuuliza. Wenzangu wakacheka. Nikasimama kabisa. "Baba, mwanangu alikuja kwako?"

"Ndugu mzazi, mwanao ni nani?"

Nikamwambia. Akalamba kidole, akafunua faili. "Alikuja. Mara mbili. Hali yake, nzuri. Chakula, kizuri. Usingizi, mzuri. Matatizo, hakuna. Mwanao amezoea vizuri sana."

"Amezoea, na harudi tena huko kwenu."

Akageuza karatasi, kama jibu limejificha nyuma.

Mtu huyo! Kwetu nani anaulizwa hali akajibu mbaya? Siku mume wangu alipokufa, jirani alipita akauliza tumelalaje, nikamjibu salama. Tukaulizana watoto, tukaulizana mbuzi, ndipo nikamwambia maiti iko ndani. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Mtu unamkalisha, unampa mwani atafune, yaani kahawa yetu ile ya kuchemsha na kukausha. Mnaongea mvua, mnaongea migomba, na shida inatoka mwisho kabisa, mtu ameshasimama mlangoni anaaga.

"Ulimpa muda gani?" nikamuuliza.

"Kila mwanafunzi dakika kumi."

Dakika kumi! Mimi dakika kumi hata moto haujashika.

"Basi njoo nyumbani umuulize mwenyewe."

"Nina ratiba, ndugu mzazi."

Mimi nimemzidi mama yake miaka, ananiita ndugu. Lakini dereva wake, mtu mzima, uso wote njaa, alikuwa amesimama dirishani anasikiliza. "Mama," akasema, "ndizi zipo?" Nikamwambia zipo, na maharage yapo. Ratiba ikafia hapo hapo.

Wakanipakia kwenye Landrova mpaka Kishanda. Nikawakalisha, nikawapa mwani. Dereva alitafuna vizuri, amezoea watu. Mshauri akameza punje nzima nzima na maji, kama klorokwini. Binti akaingia, akapiga magoti, akawasalimia. Hajamaliza, kalamu imeshatoka.

"Ndugu, una tatizo lolote?"

"Sina, waitu," akamjibu kwa neno letu la heshima.

"Umeona, mama?" Akaandika.

"Nipe hiyo kalamu nikutunzie," nikamwambia, nikaichomeka kwenye kilemba changu. Na faili nikaliweka juu ya kabati. Akabaki mikono mitupu, hajui aiweke wapi.

Nikamtuma binti amenye ndizi nje, mkungu mkubwa kuliko wote, makusudi. Dereva akasinzia. Mshauri akatazama picha ya Bikira Maria ukutani, akamtazama, akamtazama, mwisho akachoka naye, akatoka nje. Mimi niko nyuma ya ukuta wa jiko nachambua maharage, sikio kama la sungura. Nikamwona anakaa kwenye kigogo, anachukua kisu, anaanza kumenya. Mwanaume! Kishanda mwanaume akimenya ndizi anaimbwa mpaka kaburini. Tena kumenya kwenyewe, ganda linatoka na nusu ya ndizi. Utomvu ukamnasa vidole, akajipangusa kwenye suti, suti nayo ikanasa.

Binti yangu akacheka. Tangu arudi nilikuwa sijakisikia kicheko chake.

"Shika hivi, waitu. Kisu kilale."

"Hivi?"

"Hapana. Hiyo umeichinja."

Hakumuuliza kitu. Mikono imenasa, angeandika na nini? Ndiyo kwanza akaanza kazi iliyomleta. Wakaongea ndizi, wakaongea mtama wa kwao, maana kwao ni mtama. Halafu mshauri akasema, "Zile ndizi za bwaloni huwa wanaziharibu, hazina hata chumvi."

"Sijui," binti akasema. "Sijawahi kula bwaloni."

"Hujawahi?"

"Naingia, napakuliwa, nakaa. Wavulana wanakuja kukaa mbele yangu, wananitazama. Nainuka."

"Sasa unakula nini?"

"Mkate, chumbani. Na chai. Darasani njaa ikizidi, maandishi ubaoni yanacheza."

Maharage yakanimwagika. Kwa sababu nani alimfundisha hayo? Mimi. Tangu alipoanza kuota maziwa nilimwambia, mwanaume asiye wa kwenu asikuone unatafuna. Aliwahi kusahau, akatafuna muwa mbele ya mgeni, nikamchapa. Kwenye shule ya masista alikosoma kwanza walikuwa wasichana watupu, haikumsumbua. Siku nzima namcheka mwenye fomu, kumbe njaa ya mwanangu imetoka jikoni kwangu.

"Mbona hukuniambia ofisini?" mshauri anauliza.

Nikatoka nyuma ya jiko. "Akwambie nini? Kwamba anaona aibu kutafuna? Fomu yako ina mahali pa kutafuna?"

"Kuna sehemu ya mengineyo," akasema, taratibu.

Mengineyo!

Ndizi zikaiva. Kawaida wageni wanakula sebuleni, sisi wanawake tunabaki jikoni. Siku hiyo nilitandika majani ya mgomba sebuleni, nikamwaga chakula, nikakaa mimi. Binti akagoma mlangoni.

"Kaa."

"Mawe, kuna wageni."

"Nimewaona. Macho ninayo."

Akakaa, anatazama vidole vyake. Na mimi, na uzee ule, nilikuwa sijawahi kutafuna mbele ya mwanaume wa nje. Baba mkwe wangu alikufa hajui kama nina meno. Nikakata tonge, nikafungua mdomo. Dereva akanitazama, halafu akageukia ukuta, mtu mwenye adabu yule. Nikatafuna. Nikameza.

Mshauri akaanza pua yake: "Hii ndiyo tunaita kuzoea mazi..."

"Kula, baba, unyamaze."

Akala. Binti akakata kitonge kama cha ndege, akaziba mdomo na kiganja, akatafuna. Akakata kingine. Cha tatu kiganja kikashuka.

Yule mshauri nasikia aliandika huko kwao kwamba huduma yake imefika mpaka vijijini. Imefika kweli, ikapakwa utomvu.

Siku ya meli nilimsindikiza binti mpaka Bukoba. Bandarini nikamnunulia ndizi za kuchoma na samaki. Akala amesimama, katikati ya wachukuzi na mabaharia, mafuta yanamchuruzika kidevuni. Wanaume wawili wakageuka kumtazama, akaendelea kutafuna. Niliona aibu, sitaki kusema uongo, nikageukia ziwani. Lakini sikumwambia afute.