Mlango wa Bibi Gunhild

Mume wangu Severin alikuja Stockholm mwaka 1969 kusomea ufundi wa umeme, akaajiriwa kiwandani, nami nikamfuata. Lakini kazi aliyoipenda kwa dhati ilikuwa ya Jumanne jioni: kuwafundisha Kiingereza wazee wa Skärholmen, mtaa tuliokaa, katika chumba cha maktaba kilichonukia kahawa. Wanafunzi walikuwa saba, wote wamemzidi umri, na walimtania kwa skafu aliyoifunga kama bandeji. Mimi niliandamana naye kwa ajili ya mikate yao ya mdalasini, sifichi.

Mmoja wao alikuwa Gunhild, mjane wa miaka sabini na mitatu. Waswidi walikuwa wameamua kuitana kwa jina tupu, mkubwa kwa mdogo, lakini mimi sikuweza. Nilimwita Bibi Gunhild. Alimfumia Severin soksi, akatuletea jamu ya matunda ya msituni, na tukikutana dukani alijaribu Kiingereza chake palepale mbele ya samaki, bila haya. Mwanawe alihamia Kanada akafia huko, akaacha binti wa miaka tisa asiyejua neno la Kiswidi. Mtoto huyo angekuja Aprili, na bibi alitaka kumsimulia utoto wa baba yake.

"Hakuna mwingine anayeukumbuka," alituambia. "Nisipomwambia mimi, umepotea."

Jumanne moja ya Januari 1974 hakuja darasani. Severin akampigia simu, haikupokelewa. Jumatano vilevile.

"Baba Wini, nenda ukamwone," nikamwambia. "Ni mwendo wa dakika kumi tu."

"Huku watu hawavamiwi majumbani, Mama Wini. Tusubiri apokee simu."

Nilijua anachokikwepa. Mwaka uliotangulia mwanafunzi mmoja aliugua, Severin akambebea machungwa bila taarifa, kama tufanyavyo kwetu Bukoba. Yule bwana alifungua mlango upana wa kiganja, mnyororo bado umefungwa, akauliza kwa upole kama walikuwa wameahidiana. Severin alirudi na machungwa yake. Tangu hapo akawa Mswidi kuliko Waswidi: apige simu kwanza, afike dakika ileile waliyoahidiana, aondoke kabla hajachokwa. Iliniudhi sana, ila nami sikuendelea kumsukuma.

Jumanne iliyofuata kiti cha bibi kilikuwa kitupu tena. Wenzake walisema labda amesafiri. Mmoja akasema si vizuri kumchunguza mtu, wakafungua vitabu. Kesho yake mtunza jengo aliingia kwa ufunguo wake, kwa sababu magazeti yalikuwa yameziba tundu la barua mlangoni. Bibi Gunhild alikuwa sakafuni jikoni. Alikuwa ameanguka, nyonga ikavunjika, akashindwa kuifikia simu. Daktari alikadiria kwamba alianguka Jumatatu, akaishi mpaka Ijumaa.

Tulimzika watu kumi na mmoja, theluji ikituangukia mabegani. Jirani yake wa ukuta mmoja alikuwapo, analia. Alisema alisikia kitu kikigongagonga bomba siku mbili nzima, lakini hakutaka kuingilia mambo ya mtu. Nilimchukia mama yule kwa moyo wangu wote. Tulipofika nyumbani sikuwa nimepoa.

"Anasikia mtu anagonga, anakaa kimya! Huyo ni binadamu kweli?"

Severin alikuwa bado hajavua koti. "Acha, Mama Wini."

"Siachi! Hatua mbili tatu tu mpaka mlangoni, kwani kutembea kungemuua?"

"Mimi nilikwenda," akasema. "Alhamisi ya wiki ile ya kwanza, nikitoka kazini. Nilifika mpaka mlangoni. Nikasikia redio inaimba ndani, nikajiambia, kumbe mzima, hataki tu watu. Kidole kilikuwa juu ya kengele. Nikashuka ngazi."

Nilikaa kitini. Maneno yote niliyomtupia yule jirani yalikuwa yamempata mume wangu, na sikuwa na namna ya kuyarudisha. Nilitaka kumwambia hana kosa, nikashindwa, maana sikuamini hivyo. Na Alhamisi ile mimi nilikuwa nyumbani tangu asubuhi mpaka jioni, nikifua mapazia.