Mlango wa Mbele

Wazungu walipoanza kufungua hoteli za watalii chini ya Mlima Meru, nilipata kazi ya jikoni katika mojawapo. Siku moja mama alikuja kunitembelea kutoka Oldonyo Sambu. Dirishani nikamwona mlinzi, kijana wa kijijini kwetu, akiinamisha kichwa ili mama amguse utosini, kama ilivyo desturi yetu ya kusalimia wakubwa. Akamwamkia shikamoo kwa adabu zote, kisha akamwambia azunguke aingilie mlango wa nyuma, kwenye mapipa ya taka. Papo hapo Mzungu mmoja wa kaptura na ndala akapita mlango wa mbele bila kuulizwa hata jina.

Mama alipofika jikoni nilikuwa tayari naelekea mlangoni. Nikamwambia naenda kumtukana yule mshenzi wa getini. Akanishika mkono.

“Kwani wewe, mwanangu, kila siku unaingilia wapi?”