Dizeli na Ndimu

Mimi ni bwana afya. Kazi yangu ni kuona kinyaa kwa niaba ya kata nzima. Nimefunua masufuria ya supu nikakuta vitu visivyosemeka mbele ya watu. Nimefunga bucha kwa sababu ya gogo la kukatia nyama lenye funza kwenye ufa. Mama mmoja wa mgahawa aliwahi kuniambia nina pua ya paka, nami nikaichukua kama sifa. Hata nyumbani kwangu Kibamba watoto wanajua: baba akinusa kikombe, kikombe kinarudi kuoshwa.

Ndiyo maana dada yangu aliponipigia simu Ijumaa moja asubuhi, nilimwona hana adabu.

Dada anaishi na mama yetu Kipawa, kwenye nyumba aliyotuachia marehemu baba. Kila Ijumaa baada ya sala nilikuwa naenda kumchukua mama, anakuja kwangu mpaka Jumapili. Anamsomesha binti yangu mdogo juzuu, anaonja mchuzi wa mke wangu na kuuongezea chumvi bila kuomba ruhusa, ananiuliza kama nimekula, mtu mzima mwenye mvi. Siku hizo mbili ndizo zilizonifanya nijione bado ni mtoto wa mtu. Lakini sasa ilikuwa Ijumaa ya tatu mama ana udhuru. Kwanza miguu. Halafu mgeni kutoka Bagamoyo. Halafu mafua, ingawa kwenye simu sauti yake ilikuwa safi kabisa. Nilikuwa nimeshaanza kumtazama mke wangu kwa jicho la pembeni, nikidhani wamekoseana.

"Kaka, mie nakwambia kwa sababu mama hatakwambia," dada alisema. "Mama hana mafua wala nini. Gari lako linanuka dizeli. Akirudi huku buibui tunalifua mara mbili, na kichwa kinamuuma mpaka Jumatatu. Kasema hapandi tena, na usimwambie nimekwambia."

"Gari langu linuke, nisisikie? Mie bwana afya?"

"Ndiyo hapo sasa. Nyani haoni kundule."

Nilikata simu. Nikatoka uani, nikaingia kwenye gari, nikafunga vioo vyote na kuvuta pumzi mpaka kifua kikauma. Sikusikia kitu, isipokuwa kile kibao cha manukato ya stroberi nilichokining'iniza kwenye kioo miezi kadhaa nyuma. Sikujiuliza nilikining'iniza kwa nini. Nilimlaani dada, nikaenda kazini kukagua vyoo vya stendi.

Wiki iliyofuata nilipelekwa Dodoma kwenye semina, nikaenda kwa basi. Gari lilibaki uani, limefungwa, likipigwa na jua siku saba. Niliporudi nikafungua mlango wa dereva na harufu ikanipiga usoni.

Sijui niielezeje. Dizeli peke yake ningeistahimili. Hii ilikuwa dizeli iliyolala, iliyoingia kwenye vitambaa vya viti ikachachia humo, na juu yake stroberi. Utamu ule wa stroberi ndio ulionimaliza. Nilirudi nyuma hatua mbili nikatema mate kwenye maua ya mke wangu. Pua yangu ya paka ilikuwa imezoea uvundo ule kidogo kidogo, kila siku, mpaka ikauona ndiyo hewa. Nilihitaji wiki nzima mbali ili nipate kunusa alichokuwa anakinusa mama.

Nikafungua boneti. Filta ya dizeli kwenye gari lile imekaa nyuma ya injini, karibu na pale hewa ya ndani inapoingilia, kwa hiyo kila kilichotoka pale tulikivuta sisi. Filta yenyewe haikuonekana. Kilichoonekana ni donge jeusi lenye manyoya ya vumbi, na chini yake tone moja linaning'inia, linajivuta, linadondoka, linaanza jingine. Juu ya donge palikuwa na ukoko wa rangi ya maziwa. Ule niliutambua, ni sabuni.

Miezi mitatu nyuma niliona tone chini ya gari nikasimama kwa fundi mmoja wa barabarani. Alikata kipande cha sabuni ya mche, akakitia mdomoni, akakitafuna mpaka kikalainika, akakitema kiganjani na kukisindilia kuzunguka filta kwa kidole gumba. Juu yake akafunga ukanda wa tyubu ya baiskeli. Mate ya mtu, sabuni ya kufulia na tyubu, ndio ufundi huo. Nami niliyefunga bucha kwa ufa mmoja wa gogo nilisimama pale nikasema asante fundi. Sasa dizeli ilikuwa imeila ile tyubu, imevimba na kulegea kama utumbo ulioachwa majini. Nilipoigusa ikakatikia mkononi.

Nilikwenda Mbezi Mwisho kwa fundi mwingine, mtu wa makamo niliyeelekezwa na jirani. Nilimpenda kabla hajasema neno, kwa sababu spana zake zilikuwa zimepangwa juu ya kitambaa safi. Alichungulia chini ya boneti, akasonya.

"Siwezi kutafuta panapovuja kwenye uchafu huu, mzee. Kwanza tuoshe."

Akaweka beseni chini, akachukua brashi na dizeli safi, akasugua karibu nusu saa. Yaliyoshuka kwenye beseni sitayaeleza, ila mimi ni mtu wa kukagua machinjio na niligeuza uso. Alipomaliza akapangusa pakavu kabisa, kisha akatoa kopo la poda ya watoto, akanyunyizia kote kwenye filta na mipira yake. Gari likanuka kama mtoto aliyetoka kuoga. Akaniambia niwashe injini.

Tulisimama tukitazama ile poda nyeupe. Dakika ya kwanza hakuna kitu. Ya pili ukatokea mstari mwembamba wenye unyevu, pale filta inapokutana na kichwa chake, kile chuma inapofungiwa, juu kabisa. Mipira yote ya kupitishia mafuta ilikuwa mikavu. Fundi akaniashiria nizime, akaifungua filta kwa mikono, kisha akapitisha kidole ndani ya kichwa, polepole, akizungusha. Kidole kikakwama. Akachokonoa kwa ukucha akatoa mpira wa duara, mweusi, uliobapa, wenye utelezi.

"Huu ni wa filta ya zamani," alisema. Akaushika kando ya ule wa filta mpya. "Ulibaki umeganda huku juu, filta mpya ikafungwa juu yake. Mpira juu ya mpira. Hapo hata ukaze vipi itavuja tu. Nani alibadilisha filta hii?"

Nilijua vizuri sana nani aliibadilisha. Ilikuwa Jumapili moja kabla sijaliona lile tone, uani kwangu, simu imeegemezwa kwenye betri inanionyesha video. Mke wangu aliniletea chai na nikamwambia mafundi wote wachafu, kazi kama hizi mtu msafi anajifanyia mwenyewe. Video ilisema wazi, kabla ya kufunga mpya pitisha kidole juu, uhakikishe mpira wa zamani umetoka na ufute vizuri. Nilichungulia. Kule juu kulikuwa kweusi na kulikuwa na ute. Nikaona kinyaa. Nikasema moyoni, utakuwa umetoka na filta, nikafunga mpya haraka, nikaenda kunawa mikono mara tatu.

"Fundi mmoja," nilimjibu.

"Huyo usimrudie, mzee."

"Simrudii."

Alifuta kichwa cha filta mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Akaupaka mpira mpya dizeli kidogo kwa ncha ya kidole, akafunga filta kwa mkono bila spana, akapampu kwa kile kipampu cha juu mpaka mapovu ya hewa yakaisha. Tukawasha tena. Poda mpya ikabaki kavu, dakika tano, kumi. Fundi yule alikuwa ananitazama kwa huruma, akidhani nimedhulumiwa, na huruma ile ilinichoma kuliko tusi.

Nyumbani nilifumua gari zima. Nilitoa mazulia, nikavua vitambaa vya viti, nikavisugua kwa sabuni ya unga na siki, nikavirudia. Kibao cha stroberi nilikitupa kwenye pipa la jirani, nisikione hata kwenye letu. Mwisho nikafika kwenye mlango wa abiria, pale anapokaa mama, nikaingiza mkono kwenye mfuko wa mlango nikidhani nitakuta risiti.

Nilitoa nusu ya ndimu, imekauka, nyepesi kama kifuu. Nikatoa nyingine. Na nyingine. Zilikuwa nane, na mbili za mwisho zilikuwa zimeota ukungu wa kijani kwa chini.

Hapo nilikumbuka. Kila safari mama alikuwa na ndimu iliyofungwa kwenye leso, anaiweka puani tangu Kipawa mpaka Kibamba. Mara moja nilimuuliza, akasema safari siku hizi inamtia kichefuchefu, uzee mwanangu. Nami nikakubali kuwa ni uzee. Nilimwambia hata akamwone daktari! Yeye akaendelea kunusa ndimu yake, na tukifika akaificha kwenye mfuko wa mlango ili asishuke nayo mkononi mbele ya mkwewe. Safari nane. Alinivumilia mara nane, mwanamke anayefukiza udi hata kwenye chumba cha kuku, na aliposhindwa akajisingizia mafua asije akaniaibisha. Niliketi kwenye kizingiti cha mlango wa gari nikajiona mchafu kuliko gogo lolote nililowahi kulikagua.

Ijumaa nilikwenda Kipawa bila kupiga simu. Nilipoegesha nikaona pale chini, mahali pangu pa siku zote, duara la mchanga lililomwagwa kuficha doa jeusi. Mama alikuwa barazani anachambua mchele. Dada aliniona akaingia ndani upesi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mie leo hali yangu, miguu hii..."

"Mama, gari lilikuwa linavuja dizeli. Nililiharibu mwenyewe. Nilibadilisha filta nikaona kinyaa kupitisha kidole mahali palipokuwa pachafu. Nimeziona ndimu."

Alichambua mchele kidogo, akatupa chuya moja kwa kuku.

"Na wale wenye mikahawa unaowafungia?" aliuliza. "Wanajua habari hii?"

"Hawajui."

"Basi wasijue."

Akaingia ndani. Nilisimama pale juani, sijui kama ameingia kujitayarisha au ameingia tu. Alipotoka alikuwa amevaa buibui, mkoba begani, na leso mkononi. Aliifungua mbele yangu. Ndani mlikuwa na ndimu nzima na kisu kidogo cha jikoni.

"Niikate, nisiikate?"

"Panda kwanza, mama."

Alipanda, akateremsha kioo chote, leso magotini. Sikuwasha redio. Mpaka Kinyerezi nilikuwa naendesha huku nikimtazama mkono. Tulipofika Malamba Mawili vumbi la lori likaingia ndani. Akakohoa, akapandisha kioo mpaka juu. Nikabana pumzi. Alivuta hewa mara moja, taratibu, kama anavyonusa maziwa kabla ya kuwapa wajukuu, kisha akaegemeza kichwa kwenye kiti na kusinzia.

Kibamba alishuka na leso yake mkononi, waziwazi, akapita sebuleni moja kwa moja hadi jikoni. Mke wangu alikuwa anasafisha samaki aina ya changu. Mama akaifungua leso, akampa ile ndimu.

"Shika, ya samaki hii," alimwambia. "Njiani haikuwa na kazi."