Severa na Chupa yenye Picha ya Jani

Severa Kiwelu anauza vifungo. Asiyemjua anaweza kudhani ni kazi ndogo, lakini aende dukani kwake, karibu na Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, aone: vifungo vya mbao, vya plastiki vinavyong'aa kama pipi, zipu za kila urefu, lastiki, uzi, ndoano za sidiria. Mafundi cherehani wanatoka mpaka Buguruni kumfuata. Ana miaka sitini na mbili, mwili mdogo, sauti kubwa, na fagio halimtoki mkononi hata pasipo na cha kufagia.

Nyuma ya duka kuna kichochoro ambako wasukuma mikokoteni hupumzika mchana, na miaka yote Severa alikuwa adui wa moshi wao. Akinusa bangi tu, huyo ametoka. "Hapa dukani, si kiwandani! Ondokeni na jani lenu!" Siku moja alimmwagia Shaibu, msukuma mkokoteni wa miaka arobaini na kitu, ndoo nzima ya maji ya kudekia. Shaibu alikaa juani mpaka alasiri akijikausha.

Ndiyo maana sisi majirani tulishangaa mwaka jana, mwezi wa saba, tulipomwona Severa anaingia kichochoroni polepole, hana fagio, ana soda baridi mkononi, anamtafuta Shaibu.

"Shikamoo mama," alisema Shaibu, mguu mmoja tayari uko nyuma kwa ajili ya mbio.

"Marahaba baba. Kaa, kaa. Kunywa soda."

Shaibu aliiangalia ile soda kama waya wa umeme uliokatika. "Mama, nimekosa nini?"

"Hujakosa. Nataka kukuuliza." Severa alitazama kushoto, akatazama kulia, akashusha sauti. Sauti ya Severa ikishushwa inakuwa sawa na ya kawaida ya watu wengine. "Ile kitu unaipata wapi?"

"Kitu gani mama?"

"Ile. Jani."

"Majani ya chai?"

"Shaibu, usinitie wazimu. Bangi!"

Mtu aliyekuwa amelala juu ya marobota ya mitumba akaamka. Shaibu aliweka soda chini bila kuinywa hata funda moja, akaapa kwamba bangi aliacha zamani, kwamba hata alipokuwa anavuta hakuwa anavuta sana, na kwamba kama mama katumwa na askari, basi awaambie Shaibu siku hizi anatafuna karafuu tu. Kisha akashika mkokoteni wake, mtupu, akaondoka nao mbio kama umejaa mzigo wa mtu anayengoja.

Sababu ya yote haya ilikuwa Tarsis, mume wa Severa. Tarsis alikuwa karani wa reli, na baada ya kustaafu akawa bingwa wa drafti pale chini ya fleti yao Mchafukoge. Miaka mitatu iliyopita mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka, hatua zikawa fupi, uso ukatulia kama picha ya kitambulisho. Hospitali wakasema ni Parkinson, ugonjwa ambao seli za ubongo zinakufa kidogo kidogo. Drafti akaiacha, maana kete zilikuwa zinahama zenyewe. Utani tu haukumtoka, ila sasa kwa ule uso usiocheka hujui lini anatania.

Binti yao Nice, mwalimu huko Arusha, ndiye aliyetuma ujumbe wa sauti. Alisema amesoma kwamba ndani ya mmea wa bangi kuna viambata vinavyoitwa kanabinoidi, na wanasayansi wanaona dalili kwamba vinaweza kulinda seli za ubongo. Mwishoni aliongeza, "Lakini mama, bado wanachunguza, muulizeni daktari kwanza." Severa alisikiliza ujumbe ule mara nne, na kila mara aliufunga kabla ya mwisho. Lile neno "kulinda" lilimtosha. Alilisikia akakaa kwenye kigoda cha dukani, akajifuta macho kwa kipande cha lastiki.

Habari za kichochoroni hazikuchukua hata siku mbili kuenea. Ijumaa, Selina, katibu wa jumuiya yao ya kanisani, alifika na rozari na uso wa msibani.

"Mama Nice, tumesikia una mzigo."

"Mzigo wa zipu? Ulishafika juzi."

"Mzigo wa rohoni, dada. Tumesikia unatumia."

Severa alimweleza yote, kuanzia ujumbe wa Nice mpaka soda ya Shaibu. Selina alisikiliza, akakunja rozari yake polepole, akasogea karibu. "Na magoti je," akanong'ona, "yanasaidika?"

Aliyeleta jibu alikuwa Husna, jirani wa mlango wa pili anayeuza viungo na udi. Alimwonea huruma Severa, akamwita binamu yake Sadalla, mtu mwenye maneno laini anayetembeza dawa ndani ya begi la kompyuta. Sadalla alitoa chupa ndogo nyeusi ya dawa ya matone, ubavuni ina picha ya jani la vidole saba.

"Sheria je?" Severa aliuliza. Alijua vizuri kwamba bangi ni jela.

"Hii si bangi, mama. Hii ni mtoto wa bangi aliyesoma. Ulevi wameutoa, faida wameibakiza."

Severa aliinunua. Aliificha ndani ya boksi la vifungo vya makoti, maana Dar es Salaam nani anaulizia vifungo vya makoti, akaipeleka nyumbani.

Jioni ile, saa kumi na mbili na nusu, Tarsis alidondoshewa matone matano chini ya ulimi. Severa akavuta kiti, akakaa mbele yake, akamkazia macho.

"Mbona unaniangalia kama maziwa yanayotaka kuchemka?"

"Baba Nice, unajisikiaje?"

Tarsis alifikiri. "Naona malaika."

"Mungu wangu! Yuko wapi?"

"Hapo kwenye kiti. Kashika fagio."

Ikawa ndiyo desturi. Kila jioni matone matano, kisha Severa anakaa, robo saa, wakati mwingine nusu saa, anasubiri dalili. Mara mkono umetulia kidogo, mara haujatulia. Wakati wa kusubiri wakaanza kuzungumza: harusi ya Nice, mvua za Marangu, yule mteja aliyetaka kifungo kimoja tu cha rangi ya embe bivu. Baada ya wiki tatu Severa alitangaza kwa Husna kwamba mzee amebadilika, anaongea, analala vizuri. Husna akampigia Sadalla kumpa hongera, na Sadalla akapandisha bei.

Mwisho wa mwezi ilikuwa siku ya kliniki. Severa alikaa mbele ya Daktari Anifa, bibie mtaratibu mwenye miwani ya mnyororo, akajikaza, akaweka chupa mezani kama anayesalimisha bunduki.

"Daktari, nifunge mimi. Yeye hana kosa."

Daktari hakucheka. Alifungua chupa, akanusa, akadondosha tone mgongoni mwa mkono, akanusa tena. "Mama, sina maabara hapa. Ila kwa pua yangu, haya ni mafuta ya habat soda, yamechanganywa na ya nazi."

Severa aliinyakua chupa, akainusa mwenyewe.

"Lakini binti yako hakukosea," daktari akaendelea. "Utafiti huo upo. Wakiweka baadhi ya viambata hivyo kwenye seli ndani ya kisahani cha maabara, seli zinavumilia zaidi. Panya nao, wengine wanaonekana kupata nafuu. Kwa binadamu, waliojaribiwa ni wachache na majibu hayajasimama. Hakuna aliyethibitisha kwamba vinauzuia ugonjwa huu usiendelee."

"Kwa hiyo panya wa Ulaya wamepona, mume wangu bado?"

"Hata hao panya hawajapona, mama. Wamesaidika kidogo."

"Na ile ya kichochoroni?"

"Hiyo ndiyo kabisa usiiguse. Ina kile kinacholewesha. Itamchanganya akili, itamshushia presha, ataanguka kwenye ngazi zenu. Inaweza pia kugombana na dawa zake. Na polisi hawatakuuliza habari za panya." Akageukia faili. "Haya, vidonge vyake anameza saa ngapi?"

"Asubuhi, na supu ya ng'ombe. Nyama nyingi, apate nguvu."

Daktari aliweka kalamu chini. Nyama na kidonge kile, alieleza, vinagombania mlango mmoja kuingia mwilini, na nyama ndiyo inashinda. Mzee ameze kidonge nusu saa au zaidi kabla ya kula, kwa saa zilezile kila siku, na nyama nyingi ihamie jioni, mbali na kidonge. Tena atembee kila siku, hatua ndefu, ahesabu kwa sauti.

Kwenye bajaji ya kurudi Severa aliigeuzageuza ile chupa mpaka Mnazi Mmoja. Kisha Tarsis akasema, akiangalia mbele:

"Mimi nilijua siku ya kwanza."

"Ulijua nini?"

"Habat soda. Miaka yote mama yake Husna alikuwa ananipa nikipata kikohozi. Ladha ile haisahauliki hata na mgonjwa wa ubongo."

"Baba Nice! Mwezi mzima! Mbona hukusema?"

Mkono wake ulikuwa unatetemeka juu ya goti. Aliuachia utetemeke. "Miaka thelathini na nne tumeoana, hujawahi kukaa chini robo saa ukaniangalia. Ningesema, ungeamka ukafagie."

Severa alitaka kugomba. Alianza mara mbili. Mwishowe aliukamata ule mkono akaukalisha mapajani mwake, na dereva wa bajaji akageuza kioo chake upande mwingine.

Tangu waache kugombanisha kidonge na supu, asubuhi za Tarsis zimekuwa nyepesi. Hajapona, na Severa hasemi amepona. Lakini anashuka ngazi mwenyewe, anahesabu hatua kwa sauti ya karani wa reli, na Jumanne na Alhamisi anakaa dukani kupanga vifungo kwa rangi. Sadalla alirudishiwa chupa yake hadharani, kwa sauti ambayo Mtaa wa Sikukuu wote uliisikia, na siku hizi akienda kwa Husna anazungukia njia ndefu.

Severa bado anafuatilia. Nice akituma habari mpya ya kanabinoidi, mama anasikiliza mpaka neno la mwisho, kisha anajibu kwa ujumbe wake wa sauti, wateja wote wakisikia: "Asante mwanangu. Wakimaliza na panya, waambie Tarsis wa Mchafukoge yupo, anasubiri, na hana haraka."